Doti ya Kanga na Uhuru wa Kujifunika

Mtu aliyezaliwa Unguja, akasafiri kwa miaka mingi, kisha akarudi kwa chombo wakati wa magharibi, hulitambua jambo moja kabla hajaitambua sura ya yeyote aliyekuja kumpokea. Hutazama upande wa Malindi na Forodhani, na mbele ya kuta nyeupe za Mji Mkongwe huona vivuli vya watu vikienda na kurudi. Miongoni mwa vivuli hivyo kimo kimoja kisichompotea: kichwa kilichofunikwa kwa duara, mabega yanayoshuka taratibu, mikono iliyostirika mpaka viwikoni, kisha mstari mnyoofu unaoteremka kutoka kiunoni hadi karibu na vifundo vya miguu. Hajui bado kama ni mama yake au ni jirani. Lakini anajua kwamba ni mwanamke wa kwao aliyejitanda kanga, na moyo wake hutulia.

Umbo hilo ndilo tunalokusudia kulieleza katika insha hii. Yameandikwa mengi juu ya rangi za kanga, na mengi zaidi juu ya majina yake, yaani yale maneno yanayochapwa karibu na pindo, ambayo wanawake huyatumia kusifu, kuonya, kushukuru na hata kugombana bila ya kufungua kinywa. Mambo hayo yanastahili kuandikwa. Lakini yamesemwa machache juu ya umbo lenyewe, na juu ya sababu zilizolifanya lidumu kwa zaidi ya miaka mia moja huku mitindo mingine ikija na kupita. Kwa maoni yetu, umbo hilo halikuzuka kwa bahati tu. Lilitafutwa, tena lilitafutwa na watu waliokuwa wamenyimwa.

Kwanza yafaa tulieleze vazi lenyewe kwa ajili ya msomaji asiyelijua kwa karibu. Kanga huuzwa kwa doti, na doti moja ni vipande viwili vinavyofanana kwa kila hali. Hutoka dukani vikiwa vimeshikana katika kitambaa kimoja. Mnunuzi huvikata, kisha huvipeleka kupindwa kwa mafundi wa cherehani. Kila kipande hukaribia mita moja na nusu kwa urefu na mita moja kwa upana. Pembeni huzungukwa na pindo pande zote nne, katikati uko mji, na chini ya mji huwekwa jina. Hakuna mkono, hakuna ukosi, hakuna kifungo. Kipande cha kwanza huzungushwa mwilini, huvutwa, na ncha yake huchomekwa kiunoni au kifuani. Cha pili hutandwa kichwani na mabegani, au hupigwa ushungi na kuuzunguka uso. Mshono wa pekee ni ule wa kupinda; yote yaliyobaki ni kazi ya mikono ya mvaaji. Kwa hiyo, umbo la vazi hili halimo katika kitambaa. Kitambaa kikikunjwa na kuwekwa sandukuni umbo hutoweka, na kila asubuhi mwanamke huliumba upya.

Ili kuelewa thamani ya kitendo hicho, hatuna budi kurejea katika karne ya 19, wakati nguo katika Unguja ilipokuwa ndiyo cheo cha mtu. Katika majumba ya kifalme ya Mtoni na mjini, wanawake wa ukoo wa Sultani walivaa kanzu za thamani juu ya suruali ndefu, wakafunika vichwa vyao kwa shali na kuficha nyuso zao kwa barakoa. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, aliyaeleza maisha ya majumba hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mbali na majumba hayo, katika mashamba ya karafuu, palikuwa na watu wengine na nguo nyingine. Walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake lilitokana na nchi kilikotoka. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, ikaweka ubalozi wake Unguja mwaka 1837, na kwa muda mrefu majora ya nguo yake yalishushwa bandarini na meli zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baina ya mwaka 1861 na 1865, viliiharibu biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua sehemu kubwa ya soko. Lakini jina la merikani lilibaki.

Merikani iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikawa nyeusi iliitwa kaniki. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya mjakazi wa shamba. Aliifunga chini ya makwapa, mabega yakawa wazi na kichwa wazi. Hakuwa wazi kwa kupenda kwake. Kichwa kilichofunikwa kilikuwa alama ya uungwana, na mjakazi hakutazamiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Hivyo umbo la mwanamke lilisoma hali yake kutoka mbali: aliyefunikwa ni wa watu, na asiyefunikwa ni mali ya watu.

Mwaka 1873 mkataba uliotiwa sahihi na Sayyid Barghash ulifunga soko la watumwa la Mkunazini, na katika uwanja ule likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe katika Unguja na Pemba ilitolewa Aprili 1897, nayo haikumwacha huru kila mtu siku ile ile. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba. Masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo uhuru ulikuwa karatasi ya kuombwa, na wengi hawakuiomba, ama kwa kuchelea kupoteza kibanda na kipande cha ardhi, ama kwa kutojua pa kuanzia. Pamoja na hayo, palikuwa na uhuru mwingine usiohitaji kadhi wala karani. Mwanamke aliyepata rupia chache kwa kuchuma karafuu, kwa kuteka maji au kwa kuuza vitumbua, aliweza kwenda dukani, akanunua vipande viwili vya nguo ya rangi, kimoja akajifunga na cha pili akakiweka kichwani.

Nguo hiyo ilikuwa ndiyo imeanza kuingia. Inasimuliwa kwamba, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizochapwa rangi, ambazo jina lake lilitokana na lugha ya Kireno, na ambazo ziliuzwa zikiwa hazijakatwa katika jora. Badala ya kuzikata mojamoja, walizikata tatu tatu, wakaziunganisha safu mbili kwa sindano, wakapata nguo moja pana yenye leso sita. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo ya namna hiyo ichapwe nzima. Miongoni mwa mapambo ya kwanza yalikuwamo madoa meupe juu ya weusi yaliyofanana na manyoya ya kanga, na jina la ndege likawa jina la nguo, ingawa ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanaiita leso hata leo. Mombasa ndiko ulikoanza, mwaka 1887, mji wa biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla inajulikana na kila mnunuzi wa kanga katika pwani nzima. Maneno ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi.

Hapa tunaomba ruhusa ya msomaji tuingie nyumbani kwetu, kwa kuwa historia tuliyoieleza hatukuijua kwanza vitabuni. Sisi tulilelewa Ng'ambo, katika nyumba ya udongo na chokaa ya bibi yetu mzaa mama. Bibi alikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, na ndani yake alipanga doti zake kwa utaratibu ambao hatukuruhusiwa kuuvuruga. Juu kabisa zilikaa kanga za kuvaa kila siku, zilizofuliwa mpaka zikalainika. Chini yake zilikaa za kutokea, zilizofukizwa udi na kuwekewa asumini iliyokauka. Chini zaidi zilikaa mpya ambazo hazijapindwa, akiba ya harusi na misiba, maana mwanamke wa heshima hakupenda jambo la ghafla limkute hana doti ya kutoa. Na chini ya zote, juu ya ubao wenyewe, palikuwa na nguo moja nyeusi, nzito, iliyofifia kwenye mikunjo na isiyo na pindo wala jina.

Siku moja, tulipokuwa tukimsaidia kuanika nguo za sanduku baada ya masika, tulimwuliza, "Bibi, hii mbona huitupi? Hata kudekia haifai." Hakukasirika. Aliichukua, akaikunja tena katika mikunjo yake ile ile, akasema, "Wajukuu zangu, hii ni kaniki ya mama. Siku aliyoivua hakuivaa tena." Akairudisha chini, akaanza kupanga kanga juu yake. Hatukuelewa, wala hatukuuliza zaidi. Ilitupasa kuwa watu wazima, na kusoma mambo ya 1897, ndipo tukatambua kwamba bibi alikuwa ameiweka historia ya ukoo wetu katika sanduku kwa mpango wake: utumwa chini, uhuru juu yake, na juu kabisa maisha ya kila siku.

Mabadiliko hayo hayakutokea katika nyumba yetu peke yake. Baada ya 1897 watu wengi walihama mashamba wakaja mjini, wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa ghuba iliyoutenga Mji Mkongwe, na ambayo baadaye ilifukiwa. Ng'ambo palikuwa pahala pa kuanza upya. Mtu alijichagulia jina, ngoma, somo na jirani. Na mwanamke alijichagulia nguo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880 katika nyumba ya watu waliotoka utumwani, na aliyekuwa akichuuza vyungu kabla ya kuingia mjini, alikuwa mmoja wa watu wa wakati huo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kutia sauti zao katika santuri za His Master's Voice, na tangu hapo taarabu ya Kiswahili ilisikika katika pwani yote. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake baada ya kufariki kwake mwaka 1950. Tunamtaja hapa kwa kuwa watu wa kizazi chake waliona kwa macho yao, katika umri wa mtu mmoja, mtoto wa mjakazi akifika kusimama mbele ya masultani na mabalozi akiwa amejifunika kama bibi yeyote wa mjini.

Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 liliingia pia buibui, vazi jeusi ambalo asili yake hutajwa kuwa Hadhramaut. Wanawake wa Unguja walilipokea kwa haraka, na sababu yake haikuwa mbali na ile ya kanga. Buibui liliwafunika wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo kwa weusi mmoja, na nje ya nyumba ikawa taabu kutofautisha ukoo na ukoo. Lakini buibui halikuiondoa kanga. Lilikuwa la njiani. Mwanamke alipofika alikokuwa akienda alilivua, na ndani yake zikatokea kanga zake. Hivyo buibui na kanga viliishi pamoja kama mlango na chumba.

Sasa tujiulize ni kitu gani kilichoifanya doti ya kanga ipendwe na kudumu. Jawabu la kwanza ni kwamba haina kipimo cha mtu mmoja. Nguo iliyoshonwa humtaka mvaaji abaki kama alivyopimwa. Akinenepa, akikonda au akipata mimba, nguo humkataa. Kanga haimkatai mtu. Mama huifunga leo, na binti yake wa miaka kumi na mitano huifunga kesho, na mstari ule ule hupatikana kwa wote wawili, kila mmoja kwa kimo chake.

Jawabu la pili ni kwamba vipande vile viwili hubadilika kulingana na kazi bila ya kupoteza heshima yake. Kipande cha juu huteremshwa kikafungwa kiunoni kwa nguvu, kikawa kibwebwe. Na ndiyo maana katika lugha yetu mtu aliyeamua kufanya jambo kwa dhati, hata akiwa mwanamume, husemwa kuwa amejifunga kibwebwe. Huzungushwa juu ya kichwa kikawa kata ya kubebea ndoo. Hufungwa mgongoni kikawa mbeleko. Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani, ambao wamelima mwani pwani tangu mwaka 1989, huingia majini wakati wa maji kupwa wakiwa wamejifunga kanga juu ya nguo zao, na mtu aliye barabarani huwaona wameinama katika mstari mrefu juu ya bahari. Jioni wakirudi wamezifungua, wamezikamua, na wamejitanda tena kama watu wanaokwenda kuzuru jamaa.

Jawabu la tatu ni kwamba kanga imeshikana na kila mlango ambao mtu hupita katika maisha. Mtoto huzaliwa akapokewa katika kanga laini iliyozoeleka. Mama yake hufungwa tumbo kwa mkaja. Na mkaja huo, pamoja na ubeleko, umekuwa jina la zawadi anayopewa mama wa bibi arusi siku binti yake anapoolewa, kana kwamba jamii inamlipa kwa nguo alizozichakaza katika kumlea. Bibi arusi huvalishwa kisutu, kanga ya kale ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na jamaa zake hununua doti za namna moja wakavaa sare. Huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai, wakati wanaume wanapopigana kwa migomba ili kuyamaliza magomvi ya mwaka uliopita, wanawake huwazunguka kwa kanga na nyimbo. Na mwisho wa yote, mwanamke anapofariki, wenzake hushika kanga pande zote kumstiri wakati wa kumwosha. Hapo tena hawezi kujifunga mwenyewe. Hufungwa na wale waliokuwa wakifunga pamoja naye.

Wapo wanaouliza kama vazi hili ni la kwetu kweli. Husema kwamba pamba ya merikani ilitoka Marekani, leso zililetwa kwa njia ya Wareno, kanga zilichapwa Manchester na Uholanzi, kisha Japani na Bara Hindi, na walioziagiza aghalabu walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Yote hayo ni kweli, wala hatuna haja ya kuyaficha. Lakini mchapaji wa Manchester hakujua kuifunga nguo aliyoichapa. Mwenye duka wa Unguja aliagiza alichoambiwa na wanawake waliokuja dukani kwake. Akiagiza asichoambiwa, majora yalimkalia rafuni. Kitambaa kilivuka bahari kikiwa kitambaa, na kilipofika kwetu kikawa vazi. Bahari ya Hindi imetuletea mchele, ukuta wa mawe, milango ya kunakshi na maneno mengi ya lugha yetu. Na hakuna anayesema pilau si chakula cha Unguja kwa sababu bizari yake imetoka ng'ambo.

Taifa letu nalo limelitafakari swali hili. Mwaka 1962 Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alianzisha wizara iliyopewa kazi ya kushughulikia utamaduni wa taifa, na baada ya Muungano wa 1964 mjadala wa vazi la taifa ulirudi mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia kuanzia Januari 1969; na katika mabishano yaliyofuata watu walitofautiana sana juu ya nguo ipi ni ya Kiafrika na ipi si ya Kiafrika. Katika mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na humo zikachapwa kanga. Somo tunalolipata ni kwamba amri huweza kumvua mtu nguo, lakini ni vigumu kumvika. Kanga haikuamriwa na yeyote. Iliingia mwilini kwa hiari, na ndiyo sababu haikuhitaji askari wa kuilinda.

Sisi wenyewe tuliuona uzito wa hiari hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1980, siku za uhaba. Nguo zilikuwa adimu, na ziliposhushwa dukani watu walipanga foleni tangu alfajiri. Siku moja mama yetu alisimama mpaka adhuhuri, akapata doti moja, nayo ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake alikuwapo jirani ambaye binti yake alikuwa amejifungua siku tatu nyuma. Mama alifika nyumbani na kipande kimoja. Alikuwa ameikata doti pale pale barazani kwa fundi, na nusu ameitoa. Tulimlaumu kwa sababu ya utoto wetu. Tulimwambia kipande kimoja si vazi. Mama alijibu, "Ni kweli, wanangu. Ndiyo maana sikuweza kuvichukua vyote viwili." Muda mrefu baadaye tuliwaona wanawake wawili hao wakienda harusini pamoja, kila mmoja na kipande kimoja cha doti ile juu ya mabega, na chini nguo nyingine. Kwa mbali walikuwa kama watu waliovaa sare.

Leo yako mavazi mengine yanayopendwa. Dera, gauni pana lisilobana, limeenea mijini na vijijini, na vijana wengi hutoka kwa mabaibui ya mishono mipya yanayoletwa kutoka Dubai na Uarabuni. Wapo wanaolalamika kwamba mambo haya yataiua kanga. Sisi hatuna hofu hiyo. Tazama dera lenyewe: mwenye kulivaa akiitwa ghafla na mgeni mlangoni, hutafuta kanga ajitande kabla hajatoka. Tazama msibani, ambapo dera na baibui la thamani vyote hufunikwa kwa kanga ili wote waketi mkekani wakiwa sawa. Umbo la zamani limebaki juu ya mitindo mipya, kama lilivyobaki chini ya buibui la zamani.

Hofu yetu iko kwingine. Kanga sasa huuzwa kwa wageni katika maduka ya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Hushonwa mikoba, mito na suruali za ufukweni, na wageni huambiwa kwamba hii ni nguo ya furaha, ya rangi na ya methali. Si uongo. Lakini ni nusu ya doti. Nusu ya pili ni ile kaniki iliyo chini ya sanduku, nayo haitajwi, mara nyingi si na wenye maduka bali na sisi wenyewe.

Mama yetu alipofariki, tulikaa ndugu wote kugawana vilivyokuwamo sandukuni, kwa kuwa sanduku la bibi lilikuwa limemfikia yeye. Doti mpya tuliwapa waliomwosha, kama ilivyo desturi. Nyingine tuligawana bila ya ugomvi. Tulipofika chini, ugomvi ulizuka. Mmoja wetu alitaka kaniki ichomwe, akasema, "Tuna wakwe na tuna watoto wa kuoza. Kwa nini tuwape watu la kusema?" Mwingine alitaka ipelekwe kwenye makumbusho. Tulibishana mpaka usiku, na hatukukubaliana kwa maneno. Mwishowe dada yetu mkubwa aliikunja katika mikunjo yake, akairudisha juu ya ubao, akaweka doti moja ya kisutu juu yake na kufunga sanduku. Kisha akawaita binti zetu, akawaonyesha, akawaambia ilikuwa ya nani na ilivuliwa lini.

Aliyetaka ichomwe hakusema kitu. Lakini ndiye aliyetupa idhini, miaka kadhaa baadaye, ya kuyaandika haya. Alisema kwamba aibu ilikuwa ya waliomvika mama yule kaniki, na si ya yule aliyeivua.

Basi msomaji, ukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe au katika njia za mashamba ya Unguja, ukamwona mwanamke mbele yako amejitanda, usidhani umeona desturi tu ambayo watu huifuata kwa mazoea. Umeona mtu aliyeamka asubuhi, akachukua vipande viwili visivyo na umbo, akajipa umbo yeye mwenyewe. Bibi zake walilipata jambo hilo kwa taabu, na anayelijua hilo hatalidharau vazi hili, hata likiwa limefifia kwa kufuliwa.